Kitabu umekimaliza, maisha yako pale pale: tuchambue tatizo liko wapi

Wiki kadhaa zilizopita nilikuwa napanga kabati la vitabu nikatoa kimoja cha kujenga tabia nzuri, nilikisoma kama miaka mitatu iliyopita na nakumbuka nilivyokipenda, nilikuwa nakaa nacho hadi usiku wa manane. Nikakifungua. Kila ukurasa una rangi ya njano, kuna kurasa nimepaka karibu mistari yote, na pembeni nimeandika "muhimu sana!!" kwa peni. Mdogo wangu alikuwa amekaa pale akauliza, kinasema nini hicho? Nikamwambia kinahusu tabia, namna ya kujenga tabia nzuri. Akauliza, enhe, zinajengwaje? Nikaanza kutafuta maneno, sentensi mbili zikaisha. Kitabu cha kurasa karibu mia tatu, nimekipaka rangi kwa mkono wangu mwenyewe, alafu nimebaki na sentensi mbili ambazo mtu angeweza kuzisema bila kusoma kitabu chochote. Iliniuma sana aisee.

Najua siko peke yangu kwa hili. Watu wengi wanasoma hivi vitabu vya kujiendeleza, vya kujifunza haraka, vya nidhamu, vya pesa, vya kupanga muda, wanamaliza kimoja wanaanza kingine, kwa wiki moja hivi wanakuwa na moto kweli kweli alafu unazima kimyakimya. Wengine wamechoka wameamua kwamba vyote ni utapeli. Mi siamini ni utapeli, vipo vya ovyo, nitavifikia, ila vizuri navyo vipo na vinaweza kubadilisha mtu. Ninachokiona ni kwamba tumechukua vitu vinne tofauti tukavipa jina moja, kusoma, na mpaka uvitenganishe huwezi kujua kitabu kimekwama wapi.

Liangalie neno lenyewe. Kwa Kiswahili mtu anasoma gazeti na mtu anasoma chuo, na ukisema "yule dada amesoma" hamna anayeuliza amesoma kitabu gani, wote wanajua unasema ana elimu. Neno ni hilo hilo. Kwa hiyo ukifunga ukurasa wa mwisho ukasema "hiki nimeshakisoma" kichwa kinapokea kwamba kazi imekwisha, umeelimika, wakati kilichotokea kwa uhakika ni macho kupita juu ya maandishi. Baada ya hapo kuna kuelewa, kuna kukumbuka, na kuna kuzoea. Kila kimoja kinatokea kwa njia yake na kwa muda wake. Kitabu chenyewe kinaweza kukufanyia vizuri hicho cha kwanza tu, kuelewa. Kukumbuka na kuzoea vinafanyika kitabu kikiwa kimefungwa.

Na kuelewa ndo kunatupoteza. Mwandishi mzuri kazi yake ni kukulainishia njia, anachukua jambo gumu analipanga, anakupa kisa, anarudia kwa maneno mengine, unasoma unasema eeh kweli kabisa, na ile raha ya kuelewa ni raha ya kweli, siibezi hata kidogo. Ila ule ulaini ni wake yeye, ndiye aliyehangaika kupanga, wewe umeteleza juu yake tu, na bado unahisi kama ni wako. Umewahi kukaa pembeni ya fundi cherehani mzoefu? Mguu unakanyaga, mkono unasukuma kitambaa, mshono unatoka umenyooka, unaangalia kila hatua na kila hatua unaielewa, hakuna kilichofichwa. Alafu anakuachia kiti anakwambia haya, shona.

Sasa tuje kwenye kukumbuka, maana hapa sayansi ina miaka mingi na iko wazi. Mwaka 1885 Mjerumani mmoja anaitwa Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe, alitunga silabi zisizo na maana yoyote, akazikariri orodha kwa orodha mpaka anaweza kuzisema bila kukosea, alafu akasubiri, na baada ya muda akazikariri tena akipima safari hii ameokoa juhudi kiasi gani. Baada ya saa moja tu zaidi ya nusu ya ile faida ilikuwa imeshapotea, baada ya siku moja karibu theluthi mbili, kisha kasi ikapungua sana, mwezi mzima baadaye bado alikuwa anaokoa kama sehemu moja ya tano. Kitabu chenye maana hakivuji haraka kama silabi za kubuni, lakini mwendo ni huo huo, kinachopotea kinapotea mapema, masaa na siku za mwanzo. Na humo humo kuna jambo la kutia moyo ambalo watu huwa wanalipita, kwamba hata pale aliposahau kabisa, kujifunza upya kulikuwa kwepesi kuliko mara ya kwanza. Kitu hakijafutika chote, kinasubiri kuitwa.

Kinaitwaje? Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo makala fupi za kusoma. Kundi moja likasoma makala hiyo hiyo vipindi vinne. Kundi lingine likasoma kipindi kimoja tu, alafu vipindi vitatu vilivyobaki halikurudishiwa makala, likapewa karatasi tupu liandike kila linachokumbuka. Dakika 5 baadaye waliosoma mara nne ndo walikuwa mbele, wamekumbuka kama asilimia 83 na wenzao 71. Wiki moja baadaye mambo yamegeuka, wa kusoma tu wamebaki na 40, wa karatasi tupu wana 61. Na walipoulizwa mapema kila mmoja anadhani atakumbuka vizuri kiasi gani wiki ijayo, ni hao hao waliosoma mara nne ndo walijiamini zaidi. Hapa mi huwa nasimama kila nikiifikiria hii, kwa sababu inaeleza kabisa kile kitabu changu cha njano: kujiamini kulikuwa kwingi, kilichobaki kichwani ni kidogo.

Rangi yenyewe imepimwa. Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walikusanya tafiti nyingi kuhusu mbinu 10 za kujifunza wakazipanga kwa nguvu, na kupiga mistari au kupaka rangi wakaiweka chini, pamoja na kusoma tena na tena. Zilizobaki juu kabisa zilikuwa mbili, kujipima na kugawanya mazoezi kwa siku tofauti badala ya kuyamaliza kwa mkupuo. Sababu ukiifikiria ni rahisi. Ukirudi kwenye mstari wa njano unautambua, unasema aah huu naujua, na kutambua ni kitu kimoja na kukumbuka ni kitu kingine, ni kama kukutana na mtu njiani sura unaijua vizuri ila jina limegoma kutoka. Maisha yanataka jina. Siku umekasirika na unataka kujizuia kusema neno baya hakuna atakayekufungulia ukurasa wa 112 uutambue, unatakiwa kulitoa jambo kichwani wewe mwenyewe, hapo hapo, na kama hujawahi kulitoa hata mara moja ukiwa umetulia, kwa nini litoke ukiwa na hasira?

Kwa hiyo kwa upande wa kukumbuka dawa inajulikana na haina gharama. Unasoma sura moja, unafunga, unaandika au unasema kwa sauti ulichobaki nacho, ile dakika ya kukwama inauma kidogo na watu wengi wanaikimbia, wanafungua kitabu waangalie, wakati ile kukwama ndo kazi yenyewe. Kesho yake unajaribu tena kabla hujaendelea mbele. Wiki ijayo tena. Basi.

Kuzoea ni habari nyingine kabisa na hapa ndo nataka tukae zaidi kidogo, kwa sababu vitabu vingi vinavyouzika sana vinazungumzia hili, na kwa Kiswahili tuna mtego mwingine wa neno. Hivi vitabu tunaviita vya tabia. Lakini tabia kwetu ni neno zito, ukisema fulani ana tabia mbaya umemsema utu wake, malezi yake. Sasa mtu anayeshindwa kuamka mapema au anayeshika simu kila dakika mbili akisoma kitabu cha "tabia" anajisomea kama vile anahukumiwa, anadhani ndani yake kuna kasoro. Neno sahihi zaidi kwa kinachozungumzwa mle ni mazoea. Na mazoea hayajali wewe ni mwema au mbaya. Kitu ukikifanya mara nyingi mahali pale pale, kwa wakati ule ule, kichwa kinaacha kukifikiria kinakifanya chenyewe, ndo maana unaweza kufunga mlango ukafika mbali ukajiuliza hivi nimefunga? Umefunga, ila wewe hukuwepo.

Mtafiti wa mazoea Wendy Wood na wenzake waliwahi kuwapa wanafunzi saa zinazolia kila baada ya saa moja, ikilia unaandika unafanya nini na unafikiria nini. Matokeo yalitoka 2002, karibu asilimia 43 ya waliyokuwa wanayafanya yalikuwa ni mambo ya karibu kila siku, mahali pale pale, na mara nyingi mawazo yao yalikuwa kwingine kabisa. Karibu nusu ya siku inakwenda bila kuulizwa. Mtu anayeingia na kitabu kinachomhamasisha, anazungumza na ile nusu inayofikiri, wakati kinachotakiwa kubadilika kiko kwenye nusu nyingine ambayo haisomi vitabu.

Hiyo nusu inafundishwa kwa kurudia, na hapo ndo linakuja swali kila mtu analouliza, siku ngapi? Utaambiwa 21. Hiyo namba ina historia na ni vizuri kuijua. Mwaka 1960 daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura, Maxwell Maltz, aliandika kwamba wagonjwa wake walichukua kwa kawaida si chini ya siku 21 kuizoea sura mpya kwenye kioo. Ona alichosema: si chini ya, na alikuwa anaongelea kuzoea sura, kutokana na alichokiona mwenyewe kazini. Maneno yakaenda kwa mdomo, "si chini ya" ikadondoka njiani, sura ikawa chochote kile, na sasa mtu anaambiwa siku 21 atakuwa mtu wa mazoezi. Siku ya 22 inafika bado anajisukuma kwa nguvu zote, anahitimisha kwamba yeye ndo mbovu. Inanikera hii kwa sababu namba tu iliyokatwa vibaya imewavunja moyo watu ambao walikuwa njiani kabisa.

Walioenda kupima ni Phillippa Lally na wenzake wa University College London, utafiti ulitoka 2009. Watu 96, kila mmoja akachagua jambo moja la kufanya kila siku baada ya tukio lile lile, mfano kunywa glasi ya maji baada ya kifungua kinywa au kukimbia kabla ya chakula cha jioni, kwa wiki 12, na kila siku anajibu maswali ya kupima jambo linajifanya lenyewe kiasi gani. Kwa wale ambao mwendo wao ulisomeka vizuri, namba ya katikati mpaka jambo lizoeleke ilikuwa siku 66, lakini kutoka mtu hadi mtu ilianzia siku 18 mpaka 254, na hiyo 254 yenyewe ilikadiriwa kwa hesabu maana utafiti ulikuwa wa siku 84. Kunywa maji kulizoeleka upesi, mazoezi yalichukua muda zaidi. Kwa hiyo hata 66 usiishike kama sheria mpya. Ila kuna matokeo mengine mle ambayo mi naona yalistahili kuchapwa kwenye kava la kila kitabu cha mazoea: kuruka siku moja hakukuharibu safari kwa kiasi cha kuonekana. Mtu aliyeruka akarudi kesho yake aliendelea karibu pale pale. Nimewaona watu wanaacha jambo la miezi miwili kwa sababu ya Alhamisi moja, wanasema nimeshaharibu, basi.

Sasa jaribio ambalo kwangu mimi ndo linafungua mjadala wote wa vitabu hivi. Uingereza, 2002, Sarah Milne na wenzake walichukua wanafunzi wa chuo 248, lengo ni wafanye mazoezi walau dakika 20 mara moja kwa wiki. Kundi la kwanza halikupewa kitu cha maana. Kundi la pili likasomeshwa maandishi ya kuhamasisha, hatari ya ugonjwa wa moyo, faida za mazoezi, yaani kile kile ambacho kitabu kingekwambia. Kundi la tatu likasoma maandishi hayo hayo, na juu yake likaandika sentensi moja, wiki ijayo nitafanya mazoezi siku fulani, saa fulani, mahali fulani. Wa kwanza waliofanya ni asilimia 38. Wa pili, waliohamasishwa, 35. Wa tatu 91. Soma tena hapo katikati. Kuhamasika kulikuwepo, walikiri wanataka zaidi, lakini miguu haikwenda mbele hata hatua moja kuliko wale ambao hawakuhamasishwa. Peter Gollwitzer ndo amelichunguza sana wazo hili la kupanga kwa mtindo wa "nikifika hapa nafanya hivi", na tafiti nyingi zilizofuata zimeonyesha linasaidia, ingawa si kila mara kwa tofauti kubwa kama hiyo. Maneno ya kuhamasisha yana kazi yake, ila peke yake ni nusu ya karatasi, na ile nusu ya pili, wapi, lini, baada ya nini, mwandishi hawezi kukujazia kwa sababu haijui nyumba yako.

Tatizo lingine ni kwamba vitabu vinaweza kukwambia mambo yanayogongana na vyote vinaonekana vina sayansi. Chukua suala la nguvu ya kujizuia. Mwaka 1998 Roy Baumeister na wenzake waliwakalisha watu mbele ya biskuti za chokoleti zinazonukia na figili, wengine wakaambiwa wale figili tu, baadaye wote wakapewa mafumbo yasiyotatulika, waliokula figili wakakata tamaa mapema sana. Likatoka wazo kwamba kujizuia ni kama mafuta kwenye tangi, ukiyatumia asubuhi jioni hamna, na vitabu vikajengwa juu yake. Mwaka 2016 maabara 23 zikafanya jaribio la namna hiyo kwa pamoja, watu zaidi ya 2,000, tofauti ikawa karibu na sifuri. Mjadala haujafungwa, lakini ule uhakika wa kwenye vitabu haupo tena, na nakala zilizochapwa zamani bado ziko kwenye makabati ya watu zinasema vile vile. Kitabu hakijisahihishi. Kwa hiyo angalia mwaka wa kuchapwa, na uangalie mwandishi anasema "tunajua" au "tafiti kadhaa zinaonyesha", lugha ya mtu mwaminifu inajulikana.

Au ile habari ya masaa 10,000 kwamba ukifikisha unakuwa bingwa. Ilianzia kwa wapiga fidla wa chuo cha muziki Berlin, utafiti wa Anders Ericsson na wenzake wa mwaka 1993, ambapo kundi bora lilikuwa na wastani wa takriban masaa hayo walipofika miaka 20. Ni wastani, si wote waliokuwa wamefika, na hawakuwa mabingwa wa dunia bado. Zaidi ya hayo, hayakuwa masaa ya kupiga tu, yalikuwa ya kufanya kile usichokiweza, polepole, na mwalimu wa kukurekebisha. Ericsson mwenyewe alilalamika jinsi ilivyogeuzwa kuwa sheria. Mtu anaweza kuendesha gari miaka 20 asiwe dereva bora kuliko mwaka wa pili, kwa sababu akishazoea hajirekebishi tena. Na hapa mazoea na kujifunza vinapishana kabisa, mazoea yanataka usifikirie, kujifunza kunataka ufikirie mpaka kichwa kiume, kwa hiyo kitabu kinachokupa dawa moja kwa vyote viwili kinakuchanganya.

Kuna na vile vya "siri za waliofanikiwa". Nitasema wazi, hivi ndo siviamini kabisa kama mwongozo, hata kama vinasomeka vitamu. Unachukua watu kumi matajiri, unaona wote wanaamka alfajiri, unaandika amka alfajiri. Na wale maelfu walioamka alfajiri wakafilisika nani aliwahoji? Hawaandikiwi vitabu. Mwaka 2001 kilitoka kitabu maarufu cha biashara, Good to Great cha Jim Collins, kilichochambua kampuni 11 zilizotoka kuwa za kawaida zikawa bora, na kwa haki yake mwandishi alizilinganisha na nyingine ambazo hazikufika, jambo ambalo wengi hata hawajaribu. Mwaka 2008 moja kati ya zile 11, Circuit City, ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, na nyingine, Fannie Mae, ikachukuliwa na serikali ya Marekani chini ya usimamizi wake. Kama kazi ya miaka kwa makini vile inaweza kuangukiwa hivyo, visa vya mtu mmoja vinatakiwa kusomwa kama visa.

Upande wa pili kuna vitabu vilivyopimwa kama dawa inavyopimwa, na watu wengi hawajui. Kuna vitabu vya kujisaidia mtu mwenye sonona au wasiwasi, vinavyofuata ile tiba ya kubadili namna ya kufikiri na kutenda. Feeling Good cha David Burns, 1980, kimewahi kutumika kwenye majaribio ya kitabibu ambapo wagonjwa walipewa kitabu wakafuatiliwa, na wengi walipata nafuu kuliko waliowekwa kusubiri. England tangu 2013 kuna mpango ambapo daktari anaweza kukuelekeza maktaba ukaazime kitabu cha aina hiyo kilichochaguliwa na wataalamu. Havichukui nafasi ya daktari kwa mtu aliyezidiwa, hilo naomba lieleweke vizuri. Lakini ukivifungua utaona tofauti yao na vile vya hamasa: vimejaa majedwali ya kujaza. Andika wazo lililokujia, andika ushahidi wake, andika unaopingana nao, fanya hivi leo, rudi kesho. Kuna nafasi tupu za wewe kuandika. Vinakusukuma uviache ukafanye.

Hata Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa Marekani, kwenye habari za maisha yake aliyoandika mwenyewe anaeleza kijidaftari chake cha mambo 13 aliyotaka kuyarekebisha, kila wiki anashika moja tu kwa nguvu, jioni anaweka nukta nyeusi pale alipokosea, wiki 13 zikiisha anaanza upya, mizunguko minne kwa mwaka. Moja kwa wiki! Sisi tunamaliza kitabu Jumapili, Jumatatu tunaanza kuamka alfajiri, mazoezi, kuandika shajara na kuacha simu, vyote kwa pamoja.

Ninavyosoma sasa hivi, kwa anayetaka kuona kwa karibu. Kwanza najiuliza kitabu hiki nakitaka kwa ajili gani, kuelewa, kukumbuka au kuzoea. Kama ni raha ya kuelewa tu nasoma kitandani kama hadithi na sijilaumu. Kama kina jambo nataka nilizoee basi nikifika kwenye jambo la kwanza ninaloweza kulifanya kesho nasimama hapo hapo, hata kama ni ukurasa wa 30, nakiweka pembeni kwa wiki kadhaa. Hii ilikuwa ngumu sana kwangu kwa sababu nilizoea kuhesabu vitabu nilivyomaliza. Kalamu ya njano sina tena. Nina daftari, liko juu ya meza ya sebuleni karibu na soketi ya kuchajia, na hapo pamechaguliwa, maana zamani simu nilikuwa nalala nayo. Sasa nikichomeka simu usiku, mkono ukiachia waya, unakutana na daftari na kitabu vimelala hapo. Nasoma kurasa tano nikiwa nimekaa kwenye kile kiti cha pembeni, nafunga, naandika mistari mitatu bila kuchungulia. Wiki ya kwanza nilisahau mara nyingi, nachomeka simu naondoka moja kwa moja, mpaka nikasogeza daftari likawa juu ya soketi yenyewe kiasi kwamba lazima ulisogeze ndo uchomeke. Hapo ndo ilianza kushika. Jumapili nachukua daftari peke yake, nafunika maandishi kwa kiganja, najaribu kusema mistari ya wiki nzima, isiyotoka naiwekea alama ndogo pembeni na kuirudia.

Kile kitabu cha njano nimekianza upya kwa mtindo huu. Kinakwenda taratibu mno, wiki ya sita sasa na niko ukurasa wa 61, kabatini kuna vingine vinne vinasubiri. Mdogo wangu alipita juzi akaona daftari akauliza tena, haya, zinajengwaje? Nikamweleza kuhusu soketi, nikamwambia achague kitu kimoja anachokifanya kila siku bila kukosa. Akafikiri akasema kuvua viatu mlangoni. Tangu siku hiyo kitabu chake cha lugha anayojifunza kiko kwenye rafu ya viatu, nakiona kila nikiingia. Ijumaa alikipita akaenda kulala, mi sikumwambia kitu, Jumamosi nikamkuta amekaa pale chini, kiatu kimoja bado kiko mguuni, anasema maneno kwa sauti huku kitabu kimefungwa mapajani.